Kilio Kilichobaki Parkingini

Wakubwa wa Rubindi wakitaka tuamini kwamba wanafanya kazi, wanapaka rangi. Ukuta ukipasuka, rangi. Shule ikikosa madawati, mlango wake unapakwa rangi. Ndiyo maana siku tulipoona ndoo za rangi nyeupe zinashushwa parkingini, Abdulhamid, ambaye kazi yake ni kuita abiria na kupanga turu, zamu za magari, alipiga kofi moja akasema, "Basi tumekwisha. Wametukumbuka."

Rubindi ni senta ndogo kando ya ziwa, unaipita ukitoka Rumonge kwenda Kigwena. Teksi za Nyanza-Lac zinasimama hapo, mabasi ya Bujumbura yanasimama hapo, na baiskeli za mawese zinateremka hapo na bidoni zao, madumu ya mafuta, zimefungwa kama watoto mgongoni. Mimi mwenyewe nimesukuma baiskeli hizo tangu nilipovuka kutoka Uvira nikiwa kijana, mpaka goti likakataa. Parkingi ilijengwa na watu ambao hakuna anayekumbuka majina yao, na baada yao hakuna mkubwa aliyeongeza hata koleo moja la kokoto. Gari lililipa kuingia. Mama mwenye meza alilipa kukaa. Hizo hela zilienda wapi, muulize aliyejenga nyumba ya ghorofa juu ya kilima, mimi sikufika mbali shuleni. Mvua ikinyesha mashimo yalijaa, mawese yaliyomwagika yakaelea juu yake mekundu, na bata wa majirani wakaja kuogelea kati ya magari kama wamelipa na wao. Mashimo yalikaa pale muda mrefu hata tukayapa majina. Kubwa kuliko yote tuliliita Bwawa. Lilikuwa mbele ya meza ya mke wangu.

Mke wangu, Vestine, aliuza ndagala za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, na ubuswage, ule muhogo wa kupikwa unaofungwa kwenye majani. Alikuwa na mdomo. Dereva akija na mikono ya grisi alimwambia, "Kanawe kwanza, hapa hatuuzi ndagala za gereji." Na walikwenda kunawa kweli, wanaume wazima, wananung'unika njia nzima. Aliolewa na mimi mtu wa ng'ambo wakati kaka zake wa huko milimani walikuwa wamekwisha kumtafutia mtu mwenye shamba la chai. Sijui aliona nini kwangu. Sikuwahi kumuuliza, niliogopa asije akafikiri vizuri.

Alikufa asubuhi ya mvua. Teksi ilikuwa inarudi nyuma ili ikae kwenye turu yake, gurudumu likaingia Bwawa. Dereva akakanyaga mafuta ili atoke. Gari likatoka, lakini lilitoka kwa kuruka, likaikuta meza, nyuma ya meza likamkuta Vestine, na nyuma ya Vestine kulikuwa na ukuta wa choo. Sitasema zaidi ya hapo. Alikata roho palepale kabla mtu hajazima injini. Yule dereva alilia mpaka akalala chini kwenye tope. Walimfunga, wakamtoa. Mimi sina neno naye. Shimo halikuwa lake.

Siku ya mazishi alikuja Shefu Aristide, mkubwa wa senta, na miwani yake myeusi. Kwetu huku mtu hazikwi bila utawala kupewa neno, kwa hiyo alipewa. Akasema, "Dada yetu Vestine ameitwa na Mungu kwa ajali ya barabarani."

Barabarani! Barabara ni ile ya lami, iko ng'ambo ya ukuta, ni mali ya serikali. Parkingi ni mali ya ofisi yake. Mtu akifia barabarani, ni bahati mbaya. Akifia kwenye shimo la parkingi, kuna mtu ataulizwa. Kila aliyekuwa pale alielewa, hata wachimba kaburi walitazamana. Mimi nilianza kusogea mbele. Mardochée, kaka mkubwa wa Vestine, akanishika mkono.

"Si leo, shemeji," akaniambia chini chini. "Mbele ya kaburi hatugombani. Kuna siku ya kuganduka. Siku hiyo ataambiwa aseme."

Kuganduka ni mwisho wa kilio. Mwaka ukizunguka, familia inaita watu. Watu wanakaa kwenye viti kwa mpango, wanakula, wanakunywa, na wenye neno wanasimama mmoja mmoja: familia ya marehemu, familia ya mume, majirani, kanisa, na utawala. Inaelezwa mtu aliishi vipi na alikufa vipi. Halafu kaka wa marehemu anasimama na kusema kilio kimeisha. Akisema, kimeisha. Asiposema, kiko. Mgane haoi, hachezi arusi ya mtu, na pale alipoketi na huzuni yake ndipo anapoendelea kuketi.

Mwaka ule mzima mimi nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani. Sikutaka hela zao, na wala sikutaka Aristide afungwe, maana angetoka kesho yake na kunenepa. Nilitaka siku ya kuganduka asimame mbele ya watu na kinywa chake mwenyewe kiseme: Vestine alifia parkingini. Hayo tu. Mtoto wa shule ya chini anaweza kuyasema bila kumeza mate.

Basi, mwaka ukiwa katikati, ikaja habari kwamba kuna mgeni kutoka juu atapita pwani yote ya ziwa kuangalia maendeleo. Hapo ndipo Aristide alipogundua kwamba ana parkingi.

Jumamosi, siku ya kazi za jumuiya, tukaitwa wote, wenye magari na wasio nayo, kubeba mawe kutoka mtoni. Mimi na goti langu nilipewa kujaza Bwawa. Hakuna aliyenichagulia kwa ubaya, ndiko mawe yalikokuwa yanamwagwa. Nikawa naweka jiwe juu ya jiwe mahali pale, na watu wa upande ule wakawa wanayaweka yao chini bila kuyatupa. Akaja Aristide na koleo jipya, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini, na kijana wa kupiga picha nyuma yake.

"Mzee Cikuru, inua kichwa kidogo, tunapiga picha."

"Picha ya nini?"

"Ya maendeleo."

"Hili shimo unalijua, Shefu?"

"Mashimo yote ni maadui wa maendeleo," akasema, akachota udongo kidogo, kiasi cha kuzika panya, akautupa.

Mwanvua, anayeuza chai na maandazi pale mlangoni, alikuwa anapita na jiwe kichwani. Akasimama nalo hivyo hivyo. "Huyo adui amekaa kwako siku nyingi, Shefu. Ulikuwa unamupikia?"

Watu wakacheka. Aristide naye akacheka, lakini alichelewa, kama mtu anayesubiri kwanza atafsiriwe.

Wakamwaga sementi, wakachora mistari, kila gari na chumba chake kama wagonjwa hospitalini. Pembeni wakainua kingo za zege, ndefu hata teksi zetu za chini zikigusa tu zinaacha tumbo. Katikati wakaweka bustani ya mviringo, na katikati ya bustani samaki wa sementi. Walisema ni mukeke. Wavuvi waliokuja kumtazama walisema ni kiatu. Basi kubwa halikuweza kumzunguka yule samaki. Ilibidi liingie kwa uso na kutoka kwa matako mpaka kwenye lami. Abdulhamid alipomuuliza fundi kwa nini, fundi akajibu kwamba kwenye mchoro basi halikuwemo.

Halafu, kazi ilipokwisha, wakafunga mnyororo. Hakuna gari kuingia mpaka mgeni akate utepe, rangi isichafuke. Kwa hiyo tulikuwa na parkingi nzuri kuliko zote za pwani, na magari yote yalikuwa barabarani.

Siku ya kuganduka ikakaribia, na mimi sikuwa na pa kuwaweka watu. Nyumba yangu iko chini, upande wa maji. Ziwa lilipopanda lilichukua uani, likachukua michikichi yangu, sasa liko mlangoni na mimi napita juu ya mifuko ya mchanga. Kwa hilo pia wakubwa walikuja, wakatazama, wakapiga picha. Nikajiambia, Vestine alikaa parkingini kuliko alivyokaa nyumbani. Watu wake wote wako pale. Na Aristide akisimama pale, juu ya mahali penyewe, atasema barabara ipi?

Nikaenda ofisini kwake. Nilijiandaa kubishana, hata nilikuwa nimevaa koti.

"Amahoro, Shefu. Nimekuja kuomba parkingi. Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ni kuganduka kwa mke wangu."

"Jumapili ya mwisho?" Akainuka kutoka kwenye kiti. "Vizuri kabisa, Mzee Cikuru! Vizuri sana. Watu watakuwa wengi?"

"Familia yake ni kubwa. Na watu wa parkingi wote."

"Watavaa vizuri?"

"Ni kuganduka, Shefu. Watavaa."

"Basi nitawapa na shitingi ya kukinga jua. Na viti. Na mikro ya ofisi, mseme msikike."

Nikamtazama. Mtu huyu aliwahi kumnyima mwalimu kiti kimoja. "Na neno la utawala, utasema wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

"Utasema alifia wapi?"

Akaanza kupanga kalamu zake mezani, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. "Nitasema yanayofaa siku hiyo. Murakoze, mzee. Funga mlango, kuna vumbi."

Nilipowaeleza wenzangu, Mwanvua, ambaye huniita kwa jina la binti yangu, aliacha kumimina chai. "Amekupa shitingi? Bila kuomba? Baba Schékinah, uangalie sana, isije ikawa yeye ndiye amekufa."

"Mimi nasema kuna jambo," akasema Abdulhamid. "Shefu akikupa kitu, geuza, tazama chini yake."

Tuligeuza, hatukuona kitu. Nami nilitaka sana kuamini. Ndiyo ubaya wa kungoja kitu kimoja mwaka mzima, macho yanakuwa na kazi moja tu.

Jumapili ikafika. Mardochée na watu wake waliteremka kutoka milimani na bidoni za urwarwa, pombe ya ndizi, na mirija. Wavuvi wa Kabonga walileta mikeke mikubwa, samaki wa kuchoma. Binti yetu Schékinah alikuja kutoka Uvira na mumewe. Mwanvua na wanawake wa mezani walipika tangu alfajiri. Mnyororo ukafunguliwa, tukaingia. Viti vilipangwa safu kwa safu chini ya shitingi, kila familia upande wake, na mbele kabisa, pale palipokuwa Bwawa, niliweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, maua, na picha ya Vestine. Ni picha ile aliyopigwa arusini kwa Schékinah, anatazama pembeni kwa sababu kuna mtu alikuwa anaiba nyama.

Abdulhamid alikuwa na mikro. Anajua kuongoza watu, hata kwa kilio, siku hiyo sauti yake ya "Buja, Buja, moja tena!" aliiacha nyumbani. Kaka mdogo wa Vestine alisema neno la familia. Mimi nilisema langu, fupi. Watu wakaanza kunywa, tukimngoja mtu wa utawala.

Akaja. Lakini hakuja peke yake. Tulisikia king'ora kwanza, halafu magari makubwa ya vioo vyeusi yakasimama mlangoni. Aristide akashuka na suti, wanaume wawili nyuma yake wakafunga utepe kwenye nguzo mbili kama watu wanaoanika nguo haraka kabla ya mvua. Kutoka gari la katikati akashuka mgeni kutoka juu, mtu mwembamba mwenye uso wa kuchoka, ananukia vizuri mpaka tulipokaa.

"Amahoro!" akasema.

"Amahoro," tukajibu. Mtu akikusalimu utafanyaje?

Aristide akamnyang'anya Abdulhamid mikro. "Nyakubahwa, mheshimiwa mgeni wetu! Kama unavyoona, wananchi wa Rubindi wamekuja wengi, wasafi, wenye furaha, kushuhudia kufunguliwa kwa parkingi yao mpya!"

Nikahisi kama nimemwagiwa maji ya ziwa. Watu hawaendi kwenye mikutano yake, hilo linajulikana. Akiita mkutano, wanakuja mbuzi. Alihitaji umati, na mimi nilikuwa nimemletea umati uliokwisha kuoga, uliokaa kwa mpango, wenye glasi mkononi. Na alijua kitu kimoja zaidi: siku ya kuganduka hatupigi kelele. Kugombana siku hiyo ni kumtukana marehemu. Alitukamata kwa adabu yetu wenyewe.

Abdulhamid akainama sikioni kwangu. "Mzee, tumefanywa wageni kwenye kilio chetu."

Mgeni akapewa kiti cha mbele, kile tulichomwekea mchungaji. Mtu akampa glasi ya urwarwa, akanywa. Aristide akaendelea. Alitaja sementi, alitaja samaki, alitaja macho yake yanayoona mbali. Halafu akasema, na haya niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili, "Tangu zamani, Nyakubahwa, parkingi yetu haijamwaga hata tone la damu. Hakuna raia aliyepata hata mkwaruzo hapa. Sasa itakuwa salama zaidi!"

Safu ya milimani haikutikisika. Schékinah alishika mkono wa mumewe mpaka nikaona vidole vyake vinakuwa vyeupe. Mardochée alikuwa ametazama chini, anahesabu pumzi.

Mgeni akapiga makofi, walinzi wake wakapiga. Na hapo macho yake yakaangukia meza ndogo. Mikro ilikuwa karibu naye, bado inafanya kazi.

"Na mama huyu, ni nani?"

Aristide akameza mate. "Huyo... ni mama aliyefanya kazi hapa parkingini, Nyakubahwa. Miaka mingi."

"Ah! Mmefanya vizuri sana, kumheshimu mwananchi mdogo namna hii. Hata maua! Yuko wapi? Asimame tumwone."

Nilisikia maji yanapiga ukuta wa soko.

"Mama, usiogope," mgeni akasema kwa upole, akitafuta kwenye safu za wanawake. "Simama tu, tukupigie makofi." Akaanza kupiga mwenyewe. Walinzi wakamfuata. Walipiga hivyo, wao tu, na sisi tunawatazama, mpaka mikono ikaanza kupungua nguvu, mmoja baada ya mwingine, na ya mgeni ikabaki hewani haijui pa kwenda.

Nikasimama. Sikupiga kelele. "Hawezi kusimama, Nyakubahwa. Leo tunaganduka. Hiyo uliyokunywa ni pombe ya kilio chake."

Akaiweka glasi chini polepole. "Pole sana, mzee. Alikufa kwa nini?"

"Muulize Shefu. Ndiye mwenye neno la utawala."

Watu wote wakageuka. Hapo, kama angekuwa mtu, angelisema. Mahali palikuwa chini ya viatu vyake. Lakini Aristide akagusa miwani yake, akatazama utepe, akasema, "Ilikuwa ugonjwa... yaani, ajali. Ya barabarani, Nyakubahwa."

"Ugonjwa au ajali?"

"Barabara iliugua!" akasema Mwanvua kutoka nyuma, na hakuna aliyemkataza.

Mgeni hakuuliza tena. Nilimwona anaelewa, nilimwona vizuri sana, na baada ya kuelewa akatazama saa yake. Huyo ndiye wa juu. Akasema poleni, akakata utepe kwa haraka, akapanda gari, na Aristide akakimbia kupanda nyuma yake. Mikro aliiacha juu ya kiti, inavuma.

Mardochée akaiokota. Ni mtu mrefu, hana maneno mengi. Tulimngoja aseme kilio kimeisha, maana ilikuwa zamu yake na chakula kilikuwa tayari.

"Hatuganduki," akasema. "Mtu akimalizwa kilio, lazima awe alikufa mahali. Kwa utawala, dada yangu hakufia hapa, na barabarani tunajua hakufia. Basi hakufia popote. Mimi sina kilio cha kumaliza cha mtu wa namna hiyo. Kinabaki hapa hapa tulipoketi, sipandi nacho mlimani. Siku utawala utakapokumbuka, mtaniita."

Wakainuka wote, safu yote, wakaondoka bila kugusa chakula. Kwa watu wale, kuacha chakula cha kuganduka ni neno kubwa kuliko matusi. Wanawake wa mezani walilia upya, kama siku ya kwanza. Mimi nilichukua picha ya Vestine nikaenda nyumbani, na njiani nilifikiri kwamba nimeshindwa.

Jumatatu mnyororo ukaondolewa rasmi. Teksi ya kwanza ikaingia na kusimama kwenye chumba chake cheupe, karibu na pale. Abiria wakajaa. Mama mmoja mwenye kuku akiwa amekwisha kaa akauliza, "Si ndipo hapa kilio kilipoachwa?" Dereva akasema hajui. Mama akashuka na kuku wake. Akashuka na aliyekuwa karibu naye. Nani anataka kuanza safari akitokea juu ya kilio kisichomalizwa? Mwisho dereva akabaki peke yake na redio.

Kesho yake madereva waliacha upande ule. Siku zilizofuata wakaacha parkingi nzima, maana hakuna anayejua kilio kilichoachwa kinafika mpaka wapi; hakikuchorewa mistari.

"Mimi dini yangu haina hayo mambo," Abdulhamid alimweleza askari aliyetumwa kuwasukuma. "Lakini abiria wanayo, na mimi nakula kwa abiria. Weye ingiza gari, mimi nitaita. Tuone nani atapanda."

Askari akaingiza magari kwa filimbi. Abiria wakatoka nje, wakasimama barabarani, wakangoja magari yatoke. Yakatoka. Basi parkingi mpya ikawa na wenyewe wengine: mbuzi walilala mle kwenye vyumba, mmoja mmoja, wamepangika vizuri, na wanawake wakaanika ndagala kwenye sementi, kavu, safi, hakuna mchanga. Tuseme haki, kwa ndagala ilikuwa kazi nzuri.

Habari zikapanda juu, kwa wale wenye king'ora: parkingi iliyokatwa utepe haina gari. Na huko juu, jambo likiharibika wanatafuta tu ni nani wa kuwekwa mbele yake. Ndipo nikamwona Aristide anakuja kwangu kwa miguu, anaruka kutoka mfuko wa mchanga mmoja hadi mwingine, amebeba viatu mkononi.

"Mzee Cikuru. Ndugu yangu."

"Tangu lini?"

Akakaa bila kukaribishwa. Akatazama ziwa mlangoni kama ndiyo mara ya kwanza analiona. "Tuongee kama wanaume. Sawa, nakubali. Alifia pale. Kwenye shimo. Haya, nimesema. Tumemaliza?"

"Umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe."

"Mimi nilikuwa najua."

Akapangusa uso. "Sikiliza. Tutaiita parkingi kwa jina lake. Tutaandika kwenye bati kubwa, Parkingi Vestine. Unaonaje?"

"Ili watu waseme Vestine imejaa? Vestine inanuka mkojo? Mke wangu alikuwa safi, Shefu. Mwache."

"Sasa unataka nini, mzee?"

Mwaka na zaidi, na mtu mwenye diploma ananiuliza ninataka nini. "Uende parkingini," nikamwambia. "Siku ya soko, watu wakiwa wamejaa. Mardochée akiwepo. Ushike mikro, na ulichosema hapa ukiseme pale."

"Mbele ya wale wauza chai?"

"Hasa wauza chai."

Akakunja soksi zake, akazikunjua, akazikunja tena. Kisha akarudi juu ya mifuko yake, na mara moja aliteleza, akaingia majini mpaka magotini. Sikwenda kumtoa.

Siku ya soko Mardochée aliteremka na watu wachache tu, bila bidoni. Hatukuweka shitingi. Watu walisimama popote, wengine na vikapu kichwani, wavuvi na nyavu zao, madereva juu ya zile kingo. Wale mbuzi walifukuzwa. Aristide akashika mikro kwa mikono miwili, akavua miwani, akaivaa tena.

"Vestine," akasema, "mke wa Cikuru..." Akakohoa. "Alifia hapa. Katika parkingi hii. Gari lilimgonga kwa sababu ya shimo, na shimo lilikuwa letu."

Nilimsikia. Ninaapa hata aliyekuwa ndani ya mtumbwi alimsikia. Kitu kilichonikaa kifuani kama mfupa wa samaki kikateremka. Schékinah hakuwepo, nikatamani awepo.

Angenyamaza hapo, ningempa mkono. Lakini mkubwa akipewa mikro! "Na ndiyo sababu, ndugu wananchi," akaendelea, sauti inapata mafuta, "uongozi wangu ulipoona uchungu huu, haukulala! Uliamka ukajenga parkingi hii, ya kisasa, ili mama mwingine asipotee..." Na akaenda hivyo, akatoka kwenye kaburi la mke wangu akaingia kwenye samaki wake wa sementi bila hata kufuta miguu.

Mwanvua akatema mate chini. "Hata kifo cha mtu anakiwekea utepe."

Mardochée akanisogelea. "Shemeji, umesikia ulichokuwa unangoja?"

"Nimesikia."

"Na hayo mengine?"

"Hayo ni yake. Abaki nayo."

Akamtoa Aristide mikro mkononi, bila kumsukuma, kama unavyomtoa mtoto kisu, katikati ya neno. Akasema, "Dada yangu Vestine alifia hapa. Utawala umesema, watu wamesikia. Kilio kimeisha."

Watu wakapiga makofi. Walimpigia Vestine, wakamwita jina, madereva wakapiga honi zote za barabarani, na Abdulhamid akalia waziwazi bila kujificha. Aristide akatazama huku na huku, akatengeneza tai yake, akainama kushukuru, mara ya kwanza upande wa kulia, halafu upande wa kushoto.

Nilimwacha ainame. Nikaenda kwa Mwanvua nikanywa chai.